Sahani ya Kwanza ya Mwalimu Somoe

Toa hicho kicheko usoni kabla sijaanza. Ndiyo, wewe, uliyenyanyua nyusi niliposema kwamba mwalimu mzima wa serikali alisimama na sahani ya makande mkononi akashindwa kwenda mbele wala kurudi nyuma. Unaona haiwezekani. Umesoma, kwa hiyo unadhani mambo mazito yote hutokea bungeni. Haya, kama unaijua kuliko mimi, simulia wewe. Tukusikilize.

Umenyamaza. Basi nyamaza vizuri. Na huyo anayebofya simu aiweke chini, maana sirudii maneno. Pumzi zenyewe siku hizi nazitafuta kama chumvi ya mkopo.

Hapo zamani, na si zamani za sungura na fisi, ni zamani hizi za juzi ambazo waliokuwepo bado wanakohoa, palikuwa na shule ya msingi Upareni, juu kabisa, mahali ambapo ukungu huingia darasani bila hodi na kukaa dawati la mbele. Jina lake silitaji. Wenyewe wana masikio.

Shule hiyo ilikuwa na walimu watatu na mwalimu mkuu. Mwalimu Namkunda alifundisha watoto wadogo. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye huruma nyingi na maneno mengi zaidi ya huruma. Mwalimu Mgonja alifundisha hesabu, na alikuwa mkavu kama kuni za mwaka juzi. Mwalimu Kajiru alifundisha kila kitu kidogo na kusinzia sana. Mwalimu mkuu aliitwa Mzee Mchome, na kazi yake hasa ilikuwa kuchoka. Ualimu mkuu aliufanya pembeni.

Msimcheke. Walikuwa wamechoka wote, na walichoshwa na kitu kimoja: wageni. Analetwa mwalimu mpya, anapigiwa vigelegele, anachinjiwa jogoo, anaonyeshwa njia ya kuchotea maji, anazoeleka, watoto wanalijua jina lake. Mahindi hayajakauka shambani, huyo! Amehama. Baridi haimfai, kifua kinambana, mchumba yuko Dodoma. Mmoja aliondoka na blanketi la Namkunda. Mwingine aliondoka katikati ya kipindi, akaiacha hesabu ubaoni haina jibu, na Mgonja ndiye aliyeingia kuimalizia.

Ukizika kila mwaka, unaacha kulia. Wale walimu wakaacha kuuliza majina. Mgeni akija, wanatazamana, wanasema:

"Wa kupita huyu."

Wanaendelea na chai yao ya tangawizi.

Sasa shikeni desturi yao, kwa sababu bila hiyo mtapotea, halafu mtasema mimi ndiye nimezeeka. Saa nne walimu walikula makande ofisini, chungu kimoja. Mwalimu mpya alikula pia, ila alipakua wa mwisho, na alikaa kwenye kiti cha mlangoni, kile kinachopigwa na upepo. Hivyo hivyo mpaka atimize mwaka. Akitimiza, siku ya kufunga shule anapika makande kwa mkono wake, anapakua sahani ya kwanza, na anampa mwalimu mmoja, yule aliyemshika mkono kazini. Huyo anakuwa mlezi wake. Kuanzia siku hiyo mlezi akiumwa, yeye ndiye atashika darasa lake. Yeye akikosea, mlezi ndiye atamsemea. Na kile kiti cha mlangoni anakihama, anakaa na watu.

Sahani haigawanywi. Haipewi wawili. Na ukishindwa kuitoa, unarudi mlangoni kukaa na upepo wako. Nani aliianzisha desturi hiyo? Sijui. Watu wenye njaa.

Basi akaletwa Mwalimu Somoe. Alitoka Nachingwea, kule chini kwenye joto, na alipanda mlima na ndala, kanga mbili na mfuko wa korosho. Sweta hana. Mama yake alikufa yeye hajaota meno ya pili. Akalelewa kwa shangazi, akahamishiwa kwa mjomba, mjomba akafa akabaki kwa mke wa mjomba, kisha bwenini, kisha chuoni. Kote huko alikuwa yule anayeambiwa "sogea kidogo wenye nyumba wakae." Kwa hiyo alipofika mlimani alitaka jambo moja tu, hakutaka cheo wala sifa: alikuwa amechoka kuwa mgeni. Alitaka mahali ambapo akichelewa, mtu aulize yuko wapi.

Akaingia ofisini, akapiga goti kidogo kama walivyomfunza kwao.

"Shikamooni, walimu wenzangu. Nimewaletea korosho za nyumbani."

"Marahaba," akasema Mzee Mchome. "Zimebanikwa?"

"Zimebanikwa, mwalimu."

Wakala, wakafuta vidole, wakarudi kwenye chai yao.

"Samahani," akasema Somoe, "nani atanionyesha darasa langu?"

Kajiru akajibu macho amefumba. "Fuata kelele, madamu. Zikikuziba masikio, umefika."

Akatoka. Hajafika hata kwenye ngazi, akawasikia nyuma yake: "Wa kupita huyu."

Ikaja mvua. Chumba alichopanga Somoe kilivuja, kitanda akakihamisha kona hii, akakihamisha kona ile, mwisho akalala amekaa. Asubuhi akafundisha amejitanda kanga kichwani, meno yanagongana. Namkunda akamwona dirishani. Akasonya.

"Huyu wa kupita atatufia hapa hapa, halafu tubebe jeneza mpaka Nachingwea. Wewe! Kusanya vitu vyako."

"Twende wapi, dada?"

"Kwangu. Au unasubiri kualikwa kwa kadi?"

Akampeleka kwake. Akampa sweta zito la kijani, akampa kitanda katika chumba cha binti zake. Akamfundisha kuwasha moto wa kuni mbichi, akamfundisha makande ya mlimani: mahindi yatangulie, maharage yafuate, usikoroge kama unayechanganya zege. Akamwita mdogo wangu. Somoe akalala usingizi ambao hakuwahi kuulala tangu utotoni.

Lakini. Kwenye hadithi hii kila mtu ana lakini yake, mtaiona. Mdomo wa Namkunda haukuwa mbaya, ila haukuwa na kizuizi. Kilichoingia jioni kilitoka asubuhi, tena kimeongezwa ndimu. Jioni moja Somoe, amechoka, miguu iko karibu na moto, akasema la kusema kwa dada:

"Huyu Mwalimu Mgonja, dada, anafundisha kama mtu anayepasua kuni. Watoto wanakimbia vibanzi."

Wakacheka, wakalala. Kesho yake saa nne, vijiko viko midomoni, Namkunda akasema: "Mgonja, eti unapasua kuni darasani! Kasema mdogo wangu huyu." Na akacheka peke yake. Mgonja akaweka kijiko chini. Somoe, pale kwenye kiti cha mlangoni, akatamani upepo umbebe.

Jioni akamwita Namkunda msaliti. Kuanzia hapo akaendelea kulala kwake, angelala wapi? Lakini maneno yakafungwa. Ikawa "chumvi iko wapi," "hapo." Ikawa "nimefunga kuku," "sawa." Mkikaa nyumba moja na mtu hivyo, hata kuta zinachoka.

Wa pili ni Mgonja. Msidhani alifanya kwa upendo.

Somoe alikuwa na darasa la tano, na alikuwa anawafundisha sehemu: nusu, robo, thuluthi. Watoto hawakuelewa. Akaeleza tena, hawakuelewa. Akapandisha sauti, nao wakapandisha. Kelele zikavuka uwanja. Mgonja akaingia bila hodi, ameshika muwa aliokuwa anautafuna, akaitoa chaki mkononi mwa Somoe kama anayemnyang'anya mtoto kiwembe.

"Kaa."

"Wapi, mwalimu?"

"Pale. Na wenzako."

Akamkalisha kwenye dawati, katikati ya watoto. Mtoto mmoja akamsogelea amwazime penseli. Darasa zima likacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mgonja akauvunja muwa gotini.

"Nusu hii. Nusu ya nusu hii. Mtu wa kwanza nampa nusu, wa pili nampa nusu ya nusu. Nani anataka kuwa wa pili?"

Hakuna.

"Kwa nini?"

"Kidogo!" wakapiga kelele.

"Basi mnajua sehemu. Mlikuwa mnajifanya wajinga tu."

Kipindi kikaisha. Somoe akaenda nyuma ya stoo akalia. Akiwa anapangusa macho akaona kivuli.

"Umemaliza?" akauliza Mgonja. "Njoo basi. Njoo nikuonyeshe kuni zinavyopasuliwa."

Kila siku kengele ya mwisho ikilia, watoto wakienda kwao, Mgonja alikaa dawati la nyuma, Somoe alisimama mbele, akafundisha madawati matupu.

"Rudia."

"Nimesema vizuri, mwalimu."

"Umesema na ukuta. Rudia."

Akarudia. Mvua akarudia, jua akarudia, ana homa akarudia. Somo likikataa, wanalivunja vipande, wanalijenga upya. Mgonja hakumsifu. Jina lake hakulitamka hata mara moja, alimwita "wewe wa Kusini." Lakini darasa la tano likatulia. Likaanza kujibu. Siku moja wakamwomba asiende mapumziko, hesabu haijaisha. Mwalimu anayejua ladha ya hilo anajua. Asiyejua, pole yake.

Wa tatu ni Kajiru, na hapa kaeni sawa, maana ndipo mambo yalipoharibikia.

Upareni kuna msaragambo. Ni kazi ya wote: kusafisha mfereji, kutengeneza njia, kufukua bwawa la maji ya mashamba. Jioni kabla ya siku yenyewe mpiga mbiu anapita akitangaza kwa Kipare, na asubuhi inapigwa mbiu. Ikilia, mwenye sufuria anaipua, mwenye ng'ombe anamfunga, na shule nayo inatoka, walimu mbele na watoto nyuma na majembe yao, wanasafisha kipande chao cha mfereji. Asiyetoka amekitukana kijiji. Huko hawakuulizi una digrii gani.

Zamu ya kuongoza shule ilikuwa ya Kajiru. Shule ikitawanyika alasiri akamfuata Somoe anajikuna shingo.

"Madamu, wewe hodari. Nishikie zamu kesho. Nina jambo la ukoo."

Jambo la ukoo lilikuwa kondoo dume, yuko gulioni tambarare, na Kajiru alikuwa amemtamani siku nyingi. Somoe akakubali. Angekataaje? Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa pale kumwomba kitu. Alifurahi, maskini.

Asubuhi mbiu ikalia. Mzee Mchome hayupo, ameitwa wilayani, na walimu wengine hawajaingia madarasani. Somoe hajawahi kuisikia sauti ile. Akadhani ni arusi. Akapiga kengele, akaingiza watoto, akafunga milango, maana kulikuwa na jaribio.

Najua utaniuliza, watoto hawakumwambia? Walimwambia! "Madamu, mbiu! Madamu, tutoke!" Lakini nani anamwamini mtoto siku ya jaribio? Siku ya jaribio mtoto yuko tayari kumzika bibi yake aliye hai. Akawaambia kaeni, andikeni.

Akaja mzee Kilave, msimamizi wa mfereji, akasimama mlangoni, matope magotini.

"Mwalimu, hukusikia mbiu?"

"Nimesikia, mzee wangu, hongereni. Lakini leo tuna jaribio. Hiyo sherehe watoto wataiwahi baadaye."

Sherehe! Mzee Kilave akamtazama, akageuka, akaondoka bila neno. Mzee wa Kipare akiondoka bila neno, jua neno analifuata nyumbani.

Kesho yake kijiji kikajaa uwanjani. Mzee Kilave akasema: "Mwalimu anayewafungia watoto mbiu ikilia, kesho nyumba itawaka na atawafungia vile vile. Hatumtaki. Aondoke, au maji ya mfereji yasipite tena shuleni." Watu wakaitikia. Mzee Mchome akatazama viatu vyake. Namkunda akatazama anga. Mgonja akatazama jembe lake. Somoe akasimama peke yake, na kichwani tayari alikuwa anakunja kanga zake, maana kuondoka alikuwa amekuzoea.

Nyuma ya watu, mtu akapiga miayo.

"Ni mimi."

"Wewe nini, Kajiru?"

"Zamu ilikuwa yangu. Nilimwagiza asifungue mlango hata malaika akipiga parapanda. Yeye ametii tu. Kama kutii ni kosa, basi waachieni na watoto wetu wasitii."

Uongo mtupu. Hakuagiza kitu. Lakini alisema bila kupepesa macho, kwa sababu yalikuwa yamefumba nusu. Wazee wakanong'ona, wakamtoza adhabu ya kwao: asafishe peke yake kipande chote cha shule, na atoe mnyama. Kajiru, ambaye hakuna aliyewahi kumwona na jembe, akaingia mferejini akachimba mpaka mikono ikatoka malengelenge. Na mnyama aliyemtoa ni kondoo yule yule wa gulioni. Hajamla, hajamzoea, hajampa hata jina. Kijiji kikala nyama, kikasahau. Somoe akabaki.

Mwaka ukazunguka. Siku ya kufunga shule ikafika, na Somoe akaingia jikoni. Mahindi yakatangulia, maharage yakafuata. Sahani ya kwanza alijua anampa nani. Alikuwa ameamua, akaamka na uamuzi huo, akapika nao. Alikuwa amemwamulia nani? Silisemi hilo, kwa sababu hakuwahi kulifanya.

Akakibeba chungu ofisini. Wamekaa. Akapakua sahani ya kwanza, ikajaa, ikafuka moshi.

"Haya mwalimu," akasema Mzee Mchome. "Tuonyeshe mtu wako."

Somoe akapiga hatua, na Namkunda tayari amenyoosha mikono.

"Hiyo mikono inakwenda wapi?" akauliza Mgonja.

"Inapokea chakula changu. Huyu alikuja anatetemeka kama kifaranga, nani alimfunika? Kitanda cha nani alilalia? Hayo makande yenyewe unayoyatolea macho alifundishwa na nani? Bila mimi angeondoka na mvua ya kwanza, na wewe ungekuwa unamfundisha nani hesabu zako, mbuzi?"

"Ulimfunika sweta, ukamvua siri," Mgonja akasema. "Neno alilolisema jikoni kwako nililila saa nne pamoja na makande. Mtu anakupa kitanda, halafu anatembeza ndoto zako sokoni. Huyo ndiye mlezi?"

"Nilitania!"

"Na sweta litachakaa. Mimi nilichompa hakichakai. Nimempa kazi. Hata leo wakimfukuza hapa, ataondoka nayo kichwani. Alikuja anajua kuvaa ualimu, sasa anajua kufundisha."

"Ulimkalisha na watoto, Mgonja! Mwanamke mzima! Mpaka leo wapo wanaomwita mwanafunzi mwenzetu. Na jina lake unalijua? Litaje tulisikie."

Mgonja akafunua mdomo. Akaufunga.

Mzee Mchome akageuka. "Kajiru, na wewe sema dai lako."

"Sina dai, mzee. Nina njaa." Akafikiri kidogo. "Na nina kumbukumbu ya kondoo."

"Shujaa!" Namkunda akamrukia. "Ungekuwa kwenye zamu yako, msiba wote ule ungetoka wapi? Umemsukuma mtu shimoni, ukamtoa, sasa unataka asante ya kumtoa!"

Kajiru akafumbua macho yote mawili. Hawakuwahi kuyaona yote mawili kwa pamoja.

"Kweli," akasema. "Na zaidi ya hapo nikuongezee, maana leo naona tunapimana. Mpiga mbiu nilimsikia jioni ile, niko njiani nateremka. Nilijua kesho ni msaragambo. Ningeweza kurudi. Nikasema aa, Namkunda analala nyumba moja naye, atamwambia. Haya dada. Mpiga mbiu alipita mlangoni kwako. Ulimwambia?"

Namkunda akashika kanga yake.

"Tulikuwa hatusemezani," akasema. "Aliniita msaliti, na mimi nilikuwa na hasira. Nikasema, Mgonja huwahi shuleni kuliko kengele. Atamwambia yeye."

Wakamgeukia Mgonja. Mgonja akajibu kama anayesoma ubao.

"Nilipita asubuhi na jembe begani. Nikamwona anapiga kengele."

"Ukafanya nini?"

"Nikapita."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kuona kama ataniuliza ninakokwenda na jembe. Mwalimu asiyeuliza hafundishiki." Akameza mate. "Na zile kuni zilikuwa bado zinanichoma."

Somoe akawatazama mmoja mmoja.

"Kwa hiyo mlijua," Somoe akasema. "Nyote. Nilifunga milango ile naona nafanya kazi vizuri, na nyote mlijua."

Ikabidi ajibu aliyechoka kuliko wote.

"Mwalimu," akasema Mzee Mchome, "sisi hatukujua kama utakaa. Tumewaonya wengi, tumewafunika wengi, wakaondoka. Mtu anafika mahali hata neno la onyo analiona mzigo. Si chuki. Ni uchovu."

"Na sasa?"

"Sasa unajua. Wengine waliondoka bila kujua. Sahani iko mkononi mwako, na desturi ni ile ile. Mpe mmoja, au rudi kwenye kiti cha mlangoni, au teremka mlima kama wenzako. Mimi usinipe, mimi sikukushika mkono, nilitazama viatu."

Basi Somoe akasimama katikati ya ofisi, sahani mkononi, makande yanaanza kuganda juu.

Tazameni mlivyo sasa. Mwanzo mlinicheka kwa ajili ya sahani, sasa kila mmoja ana jibu mdomoni. Ngojeni kwanza. Usiniambie agawe, nimesema haigawanywi, na wewe huko nyuma hukuwa umelala. Usiniambie awasamehe wote wapakue wale. Msamaha ni jambo la moyo wake, sahani ni jambo la mkono wake, na mkono ni lazima uelekee kwa mtu mmoja. Usiniambie aondoke. Kuondoka anakujua tangu utotoni. Alichokuwa hajakijua ni kukaa.

Akimpa Namkunda, amepata nyumba, ila kila udhaifu wake utakuwa mboga ya saa nne mpaka anastaafu. Akimpa Mgonja, amepata ufundi, ila amejikabidhi kwa mtu aliyemtazama anaelekea shimoni akataka aone ataangukaje. Akimpa Kajiru, amepata mtu wa kusimama mbele ya kijiji na kusema ni mimi, ila atakuwa anashika zamu za mtu huyo kila gulio, na siku akimponza tena, kijiji hakitakubali kondoo wa pili. Na wale wawili atakaowakosa, kesho atakaa nao ofisi hiyo hiyo, chungu hicho hicho, mwaka baada ya mwaka.

Mmoja alimfunika. Mmoja alimfundisha. Mmoja alimwokoa. Na wote watatu walisikia mbiu.

Nyie mmekaa na watu makazini, mmekula nao, mmesemwa nao. Nijibuni basi, bila kutazamana usoni: sahani ile ya kwanza, nani alistahili kupewa?

Hapana, msinipigie kelele mimi. Bishaneni wenyewe kwa wenyewe. Nipisheni miguu, wewe sogeza meza, fimbo yangu iko wapi? Chai yenu sinywi, imepoa. Mkikubaliana msinitafute kuniambia, na mkishindwa msinitafute pia. Natoka, na mlango naufunga mwenyewe, nanyi mbaki humo na sahani yenu.